Waacheni vijana wachanganye muziki kwenye nyumba za mbao

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya ndugu yetu wa Himbi katika toleo lenu lililopita, ile inayolalamikia nyimbo zinazotengenezwa hapa Goma. Anasema ukizifuatilia redioni, wimbo huu hauna besi kabisa, yaani ile sauti nzito ya chini, unaofuata besi yake inaunguruma mpaka mwimbaji anazama. Hapo namuunga mkono. Lakini dawa aliyoitoa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: eti vijana waache vyumba vya mbao, wakodi vyumba vya saruji, na gazeti liwatafutie wafadhili wa kuwanunulia spika kubwa za studio. Akisikilizwa, mwaka ujao tutakuwa na nyimbo mbovu zaidi na vijana wenye madeni.

Mimi ni mwanamke wa Majengo. Nilipiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisa letu kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa kuchanganya sauti, yaani kupatanisha sauti za vyombo na waimbaji ziwe wimbo mmoja, na chumba ninachofanyia kazi ni cha mbao, kimekaa juu ya mawe ya lava kama nyumba nyingi za mtaa wetu. Kwaya, vijana wa rap, wazee wa rumba, wote hupita humo. Spika zangu ni za inchi tano, zile ambazo wauzaji wa mjini huziita za wanafunzi. Siandiki ili nitafute wateja. Naandika kwa sababu uongo wa besi una chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho unaweza kukipima kwa mita ya seremala.

Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde pakiwa na joto la nyuzi 20, na joto la Goma halikai mbali sana na hapo. Waya mnene wa gitaa la besi, wenye noti iitwayo mi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Ukigawanya utaona kwamba wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa mita nane na kitu. Noti ya la ya chini ni hezi 55, wimbi lake mita sita na ushei. Sasa liingize wimbi la mita sita katika chumba cha mita tatu kwa tatu. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja, na kwa kuwa chumba ni nusu kamili ya urefu wa wimbi, yanashikana na kusimama palepale. Karibu na kuta besi inavimba, katikati ya chumba inakufa. Chumba cha mita tatu hufanya hivyo kwenye hezi 57, kati ya la na si bemoli, noti ambazo mpiga besi hawezi kuzikwepa hata akitaka. Kikiwa cha mraba, urefu na upana vinasaidiana kuharibu hezi ileile. Na vyumba vya kupanga vya mji huu, mwenye nyumba anapenda mraba.

Basi jibu la ndugu yetu liko hapo. Kijana aliyeegemeza kiti chake kwenye ukuta wa nyuma anasikia la ikinguruma, anaipunguza, wimbo unafika redioni hauna kitu chini. Mwenzake mwenye meza katikati ya chumba haisikii kabisa, anaongeza, anaongeza tena, na siku nganda, yaani baa, ya mtaa wa Birere inapoupiga wimbo huo chupa zinatembea mezani. Vyumba vinafanana, spika zinafanana, tofauti ni kiti tu.

Hivi karibuni kijana mmoja aliniita chumbani kwake, mtaa wa Katindo. Chumba cha saruji, rangi mpya, mraba, garanti ya miezi, ile amana ya mwenye nyumba, ameshailipa. Meza ameiweka katikati kama alivyoona kwenye picha za studio za watu wakubwa. Alikuwa na wimbo wa rumba uliosimama kwenye si bemoli, na alikuwa amegombana na mpiga besi wake. "Yaya," ndivyo tunavyomwita dada mkubwa hapa, "huyu vidole vyake havina nguvu. Noti nyingine zinatoka, nyingine hazitoki." Walikuwa wameshabadilisha gitaa, wameshabadilisha nyaya, wameshabadilisha hata mpiga besi mwenyewe kwa siku moja.

Nikamwambia aufunge wimbo. Kwenye programu yake ya muziki mna kifaa cha kutoa mlio mtupu, usio na ladha yoyote, ambao unauchagulia hezi unazotaka. Tukaanza hezi 45 kwa sauti ya kiasi, tukapanda polepole. Kwenye 49, sol, tulisikia. Kwenye 53 ikaanza kupungua. Tulipofika 58 chumba kikanyamaza. Kijana akanyoosha mkono kuongeza sauti, nikamzuia, nikamwambia aguse koni ya spika, ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa, kwa ncha ya kidole. Ilikuwa inatetemeka. Spika ilikuwa inafanya kazi yake yote. Nikamwomba ainuke aende kinyumenyume mpaka mlangoni. Alipokaribia ukuta akasimama, akarudi hatua mbili mbele, akaenda tena nyuma. "Yaya, iko huku nyuma yote!" Yule mpiga besi hakuwa na dhambi. Noti yake ilikuwa inapigwa, inatoka, inapita juu ya kichwa cha mchanganyaji na kwenda kujaa mlangoni.

Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mwenye chumba alifanye leo. Chukua kinanda cha muziki kilicho kwenye programu ya kompyuta au huo mlio mtupu, piga kila noti kuanzia mi ya chini hadi sol ya waya mwembamba, zote kwa nguvu moja, wewe umekaa kwenye kiti chako cha kazi, na uandike kwenye karatasi ipi inapiga kelele na ipi imezimia. Usitumie simu kupima, maikrofoni za simu nyingi hazisikii chini vizuri. Tumia sikio. Ukimaliza, sogeza kiti nusu mita, rudia. Utashangaa karatasi mbili zilivyo tofauti, na utaacha kumlaumu muuza spika.

Sasa nije kwenye mbao, maana hapa ndipo ndugu yetu alipopotea zaidi. Ukuta wa mawe au wa bloku za saruji ni mzito na mgumu. Besi ikiugonga inarudi karibu yote, na inaendelea kuzunguka chumbani hata baada ya mpigaji kuinua kidole. Ukuta wa mbao nyembamba zilizopigiliwa kwenye nguzo unapinda kidogo kila wimbi linapousukuma. Kupinda huko kunakula nguvu ya besi, na sehemu kubwa ya inayobaki inapita kwenda nje. Hairudi kukudanganya. Dari ya tripleksi, yaani plaiwudi, nayo hufanya vivyo hivyo. Ushahidi anao jirani yangu, mama anayeuza makaa upande wa pili wa ukuta. Ananiambia kila jioni nimeshughulikia wimbo gani, na anautambua kwa besi, kwa sababu maneno hayamfikii.

Katika studio kubwa za ng'ambo mafundi hujenga makusudi paneli za mbao nyembamba zenye nafasi ya hewa nyuma yake, kazi yake ni kutetemeka na kumeza besi. Wanalipwa kwa kazi hiyo. Sisi, baada ya lava ya volkano ya Januari 2002 kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, wengi wetu tulijenga tena kwa mbao juu ya mwamba uleule uliopoa, na tangu hapo tumezoea kuziona nyumba hizo kama za muda, za aibu, za kungojea saruji. Kwa kulala, sawa, kila mtu na ndoto yake. Kwa kusikia besi ya chini, chumba changu cha mbao kinakishinda kile cha Katindo, na sitaki kijana yeyote aambiwe kinyume chake kwenye gazeti.

Sisemi mbao hazina ubaya. Ubaya wake wa kwanza ni huyohuyo jirani: kinachotoka kwangu kinaingia kwake, kwa hiyo besi naifanya mchana, na usiku nafanya sauti za waimbaji kwa hedifoni. Wa pili ni mvua. Mvua ya Goma ikishuka kwenye bati, hakuna cha kuchanganya; unazima, unapika chai. Wa tatu ndio mbaya kuliko yote kwa sababu unajificha. Mbao, misumari na bati vina kawaida ya kulia pamoja na noti fulani. Juu ya dirisha langu palikuwa na bati lililokuwa likiitikia kila ikipigwa re ya hezi 73. Mlio wake ni mwembamba, wa juu, kwa hiyo unadhani ni waya wa gitaa unaogusa chuma, unaanza kukata sauti za juu kwenye besi ambayo haina kosa. Dawa yake: piga ule mlio mtupu, panda hezi moja moja, na kila kinapoanza kulia kitu, zunguka chumba ukibonyeza mbao na bati kwa kiganja. Ukibonyeza penyewe, mlio unakatika ghafla. Hapo unakata kipande cha tyubu ya pikipiki, unakipachika kati ya bati na mbao, unakaza kwa skrubu badala ya msumari. Mafundi wa pikipiki wa barabara yetu wameshanizoea. Wananiwekea tyubu zilizochanika bila kuuliza.

Kuhusu trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani, nitasema kwa kifupi ingawa zinanikera kwa kirefu. Hazizuii besi hata chembe. Ili kitu chenye vinyweleo kama sponji au pamba kiweze kula wimbi vizuri kinapokuwa ukutani, kinahitaji unene unaokaribia robo ya wimbi. Robo ya wimbi la hezi 57 ni mita moja na nusu. Trei ya yai ina sentimita ngapi? Na zile sponji za pembetatu ambazo watu wanauziwa kwa dola, za unene wa sentimita tatu, zinakula sauti za juu tu. Chumba kinakuwa kizito masikioni, mwenye chumba anafurahi kwamba mwangwi umeisha, kumbe besi imebaki ilivyokuwa na sasa haina hata sauti za juu za kuifunika. Chumba kilichobandikwa sponji kila mahali huwa kibaya kuliko kilichoachwa kitupu.

Besi hujikusanya kwenye pembe, pale kuta mbili zinapokutana, na zaidi pale kuta zinapokutana na sakafu au dari. Huko ndiko pa kuweka mzigo. Godoro la zamani lililokunjwa likasimamishwa kwenye pembe kutoka chini hadi juu linafanya kazi kuliko sponji za ukuta mzima. Mablanketi mazito, marobota ya mitumba ambayo hayajafunguliwa, vyote vinafaa, mradi viwe vinene na viachiwe nafasi nyuma. Pamba ya mawe ni bora, ukiipata. Kitanda pia usikitoe chumbani ili studio ionekane studio; godoro lake linakusaidia. Lakini tafadhali, wadogo zangu, sponji inashika moto upesi na moshi wake unaua, na mji huu umeshaona mioto ya kutosha kwenye mitaa ya mbao. Usiiweke karibu na nyaya za umeme, wala usiwashe mshumaa humo umeme ukikatika. Mimi pembe zangu zina mablanketi ya sufu kwa sababu hiyo tu.

Mahali pa spika penyewe pana hesabu yake. Spika ndogo hutoa besi pande zote, hata nyuma. Besi iliyokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi, na ikikutana na ile inayokwenda mbele ikiwa imechelewa nusu wimbi, zinauana. Uso wa spika ukiwa mita moja kutoka ukutani, inayokufa ni hezi 86 hivi, katikati kabisa ya eneo la besi na ngoma ya mguu. Ukiwa mita moja na nusu, ni 57, na unajua tayari chumba cha mita tatu kinafanya nini hapo. Kwa hiyo katika chumba kidogo zisukume spika karibu na ukuta, uso ukiwa sentimita 35 au 40 kutoka ukutani, na shimo hilo linapanda hadi hezi 200 na zaidi, ambako sponji nene na mablanketi vinaweza kulipunguza. Ukuta utaongeza besi kidogo. Nyuma ya spika nyingi pana swichi ndogo ya kuipunguza, iwekwe huko, na wengi hawajawahi hata kuigusa. Zitazame upande mrefu wa chumba. Kushoto na kulia pawe sawa. Kiti kisiwe katikati wala ukutani. Mafundi wengi huanza kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, halafu wanasogeza kwa sikio. Kwa chumba cha Katindo ilikuwa mita moja na sentimita 15 hivi. Tulipoketi hapo si bemoli ilirudi, ingawa haikurudi yote, na ugomvi na mpiga besi ukaisha siku hiyohiyo. Spika zangu nimezisimamisha kwenye nguzo za mawe ya lava, kukiwa na kipande cha tyubu kati ya jiwe na sanduku, ili meza isiimbe pamoja nazo.

Ndugu yetu anataka spika kubwa. Chumba cha mraba ukikipa sabufa, unakipa tu nguvu zaidi ya kudanganya. Ile hezi 57 itavimba zaidi ukutani, na katikati itaendelea kuwa maiti. Tena, spika nyingi za siku hizi zina tundu mbele au nyuma, na tundu hilo hufanya kazi kama mdomo wa bidoni, yaani dumu, unapoupuliza: hewa ya ndani inapata noti yake na kuisaidia koni. Ni ujanja mzuri, lakini chini ya noti hiyo spika inaanguka ghafla, na karibu na noti hiyo besi inachelewa kunyamaza. Anayependa ushahidi aitazame Yamaha NS-10. Ilitoka 1978 kama spika ya nyumbani, ina sanduku lililofungwa, koni nyeupe, besi haba, na uzalishaji wake ulisimama 2001. Studio kubwa za dunia zilichanganyia juu yake kwa miaka. Waliojua kuitumia walijua inakosa nini, na besi yake ilikuwa inanyamaza inapotakiwa kunyamaza.

Wengine watasema, tutarekebisha kwa ikwalaiza, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza hezi fulani. Mahali besi inapovimba, unaweza kupunguza, na inasaidia. Mahali inapokufa, huwezi kujaza. Kila unachoongeza, ukuta nao unarudisha kilichoongezeka, vinauana vilevile, na kinachobaki ni spika iliyochoka. Kuna programu iitwayo Room EQ Wizard, ya John Mulcahy, inapatikana bure. Ukiwa na maikrofoni ya kupimia, inapiga mlio kutoka hezi 20 hadi 20,000 na kukuchorea mabonde na vilima vya chumba chako. Picha hiyo inaondoa ubishi mwingi kati ya fundi na msanii.

Sauti ya kazi iwe moja. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio, sauti ikiwa ndogo, linapoteza besi kwanza. Kwa hiyo ukichanganya usiku kwa sauti ya kunong'ona utaongeza besi, na ukichanganya kwa kishindo utaipunguza. Chagua kiwango cha mtu kuzungumza bila kupaza, bandika karatasi kwenye kitufe, basi.

Jambo ambalo wenzetu wa ng'ambo hawaliandiki kwa sababu hawalijui ni jenereta. Jenereta ndogo ya silinda moja inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwasha petroli mara 25 kwa sekunde, na ngurumo yake inajaa kwenye hezi 25, 50, 75. Ikiwa uani, unachanganya besi huku kuna mpiga besi mwingine nje. Zaidi ya hapo, umeme wenyewe ni wa hezi 50, na waya usiofungwa vizuri kwenye ardhi unaingiza mvumo wa 50 na 100 kwenye spika, karibu kabisa na sol ya hezi 49. Nimewahi kuona watu wakiikata sol kwenye wimbo mzima kwa sababu ya mvumo ambao haukuwa kwenye wimbo. Besi ifanyieni kazi kwenye betri, au umeme wa kawaida ukiwapo, na kelele zote zizimwe kwanza.

Na tusisahau wimbo unakwenda wapi. Motari, dereva wa pikipiki, anausikiliza kwenye simu iliyo mfukoni, mvulana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye kiredio alichokifunga kwa mpira. Spika ya simu haitoi hezi 55 hata uiombe vipi. Lakini la haina hezi 55 peke yake, ina 110, 165, 220 juu yake, na sikio likizipata hizo linaijaza ile ya chini lenyewe. Kwa hiyo wimbo unaolalamikiwa kwamba hauna besi redioni, mara nyingi una besi nyingi mno mahali ambapo redio haifiki, na hauna kitu kati ya hezi 100 na 250. Hapo kuongeza chini ni kupoteza muda. Besi itiwe ukali kidogo, isikike waya na kidole. Wapiga besi wa rumba wa zamani walikuwa wanalifanya hilo kwa mkono tu, na ndiyo maana rekodi zao unazisikia hata kwenye kiredio cha mlinzi wa usiku.

Kuhusu wafadhili: kama gazeti lenu litapata mtu mwenye moyo, anunue maikrofoni moja ya kupimia, izunguke studio za Majengo, Ndosho, Mabanga, Himbi, kila moja ikae nayo siku mbili. Itawafaa vijana kuliko majozi ya spika kubwa. Na yupo mwenye vyumba vya kupanga anayewaambia wasanii kwamba saruji inaleta sauti safi, halafu anaongeza kodi kwa sababu hiyo. Jina lake silitaji, anajijua. Saruji inaleta usalama wa vifaa na utulivu wa jirani, hilo namkubalia.

Waliokwisha kulipa garanti za vyumba hivyo wasivunjike moyo. Mjaze pembe, msogeze kiti, na mnapoamua besi mfungue mlango, maana mlango wazi huiachia kidogo. Kabla ya hayo yote pimeni urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha mgawanye 172 kwa kila kipimo. Majibu matatu mtakayopata ndiyo hezi ambazo chumba chenu kitazidanganya kwanza, na mpiga besi wenu atawaambia ni noti gani. Mkiona majibu mawili yanafanana, chumba hicho mwachieni mtu wa kulala, mtafute kingine. Na kama kingine ni cha mbao, msione haya.

Wenu msomaji,
Fundi wa sauti, Majengo, Goma
(jina langu kamili mnalo ofisini)